Upande wa Pili wa Tepu

Nimepima viwanja katika nchi nyingi kuliko pasi yangu ya kusafiria inavyokumbuka, lakini ule ufukwe ulinishinda tabia. Hakuna nyumba, hakuna njia, hata chupa tupu ya kukuonyesha kwamba binadamu alishawahi kupita. Jua linazama, tajiri anataka vipimo vya hoteli yake kesho asubuhi, na tumbo langu limekwama kwenye mikoko.

Msaidizi wangu ni shemeji, mume wa dada yangu. Asubuhi dada alinisimamisha mlangoni.

"Kaka, huyo hajui kuogelea. Nirudishie mzima."

"Tunapima mchanga, mama. Hatupimi maji."

Mawimbi yalimeza sauti, kwa hiyo tulifanya kama kawaida yetu: yeye akishashika mwanzo wa tepu kwenye kigingi, kule nyuma ya vichaka, anavuta mara mbili. Mimi nasoma.

Tepu ikavutwa. Mara mbili. Nikasoma.

Nikarudia kuhakikisha. Urefu umeongezeka.

Nikarudia tena. Umeongezeka tena.

"Simama sehemu moja, shemeji," nikafoka, ingawa hanisikii. "Wewe ni kigingi au kaa?"

Mvuto mwingine. Taratibu... Safari hii tepu ilikuwa imelowa, na ilielekea baharini.

Harufu ya mwani uliooza ikanijaa puani.

"Unagombana na nani?"

Nikageuka. Shemeji alikuwa nyuma yangu, anafunga mkanda wa suruali.

"Nilienda kujisaidia," akanong'ona. "Kitambo tu."

Tepu ikavutwa. Mara mbili.

Nikaiachia. Ikateleza mchangani, ikaingia majini kama tambi inayofyonzwa.

Tukakimbia. Mimi na tumbo langu tulifika garini kwa awamu. Shemeji alishakaa zamani, mlango umefungwa, wala hahemi.

Niliendesha hadi kwenye lami. Simu ikaita. Dada.

"Kaka, huu ni utani gani? Mume wangu kanipigia analia. Umemwacha huko gizani."

"Dada, huyu hapa..."

"Anasema bado ameshika tepu. Anasema kuna mtu upande wako anaivuta."

Sikugeuza shingo. Nilisikia maji yakidondoka kwenye kiti cha pembeni, tone... tone... na ile harufu ya mwani.

Nirudishie mzima, alisema. Nikakata kona, nikaelekeza gari kule tulikotoka.

Mkono wa shati langu ukavutwa.

Mara mbili.