Ndege Iliyogusa Chini Ikapaa Tena

Kila asubuhi akienda shule, Sumaya alivuka barabara kubwa ya mtaa wao wa Buyenzi kwa mtindo wake: hatua chache mbele, kisha roho inamruka, anarudi mbio. Madereva walimfokea. Bibi yake, Mwanne, alishachoka kumwonya.

"We mutoto, dereva hajui kama unaenda ao unarudi."

Jumamosi moja walikwenda uwanja wa ndege kumpokea mama yake Sumaya, aliyekuwa akirudi kutoka Nairobi alikopasuliwa moyo. Kutoka kwenye uzio waliiona ndege ikishuka. Magurudumu yakagusa lami, na Bibi akapiga vigelegele vya kumpokea msafiri. Vikamkatikia mdomoni. Upepo wa ziwani uliiyumbisha ndege, ikanguruma, ikanyanyua pua na kupotea mawinguni.

Sumaya aliishika kanga ya Bibi kwa nguvu. Mama alikuwa mle ndani, na mshono wa moyo wake ulikuwa bado mbichi.

Mvua ikaanza, ndege ikarudi. Safari hii iligusa chini, maji yakaruka pande zote na ardhi ikatetemeka kwa mngurumo. Mwisho wa njia ya kurukia ulikuwa ukikaribia, na Sumaya alitamani ipae tena. Haikupaa. Ilipunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama. Sumaya hakuwahi kuona kitu kikubwa kiasi kile kikitii.

Mama alitoka akitembea polepole. Nyuma yake alikuja rubani, Kapteni Laure. Sumaya akamsogelea kwa haya.

"Kapteni, mbona mara ya pili hukupaa?"

"Mara ya kwanza nilikuwa sijaanza kufunga breki, ndiyo maana nikapaa tena. Mara ya pili nilishaanza. Ukishaanza kusimama, unasimama. Ukibadili mawazo katikati, njia haikutoshi kusimama wala kupaa."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Ndiyo maana tunaamua mapema, tungali juu."

Walipofika Buyenzi, Sumaya alimshika mama yake mkono kando ya barabara. Mama asingeweza kukimbia. Sumaya akatazama kushoto, kulia, kushoto tena; barabara ilikuwa tupu. Wakaingia. Katikati, gari likajitokeza mbali, na miguu ya Sumaya ikataka kurudi. Akaendelea, kwa mwendo wa mama, mpaka ng'ambo.

Hapo ndipo Bibi, aliyewafuata nyuma, alipovimalizia vigelegele vyake.

"Ni hivyo, mujukuu wangu," alisema. "Fikiri ukiwa kando. Ukishaingia, vuka."