Jikedume wa Shamba la Pareto

Kila Jumamosi, Rahab na kaka zake, Muturi na Lewis, walichuma pareto katika shamba la nyanya yao huko Elburgon. Maua hayo hayana subira. Yakichumwa, sharti yatandazwe juani siku iyo hiyo. Yakiachwa guniani hupata joto, huoza, na wanunuzi huyakataa.

Jumamosi moja asubuhi, kikapu cha Rahab kilipomlemea, Muturi alimbebea hadi guniani, naye Rahab akaendelea kuchuma bila hata asante. Kufikia saa sita magunia yalikuwa yamejaa, na wavulana wamejilaza kivulini.

"Muturi, leta turubai. Lewis, mwaga gunia lako. Nimesema mara ngapi?" Rahab akafoka.

"Sawa, jikedume," Muturi akajibu bila kufumbua macho.

Lewis akacheka. "Huyu hata mumewe atatumwa mtoni kuteka maji."

Rahab alichoka. Tangu asubuhi alikuwa akimpigia mbuzi gitaa. "Basi fanyeni mtakavyo," akasema, akaenda kununa jikoni hadi jua likaanza kuinama.

Nyanya alimkuta akichokoachokoa majivu.

"Nyanya, jikedume ni nini?"

"Jike ni wa kike, dume ni wa kiume. Watu waliona mwanamke akiamrisha na kufanya kazi waliyodhani ni ya wanaume, wakayaunganisha maneno hayo kuwa moja. Kuna anayelisema kwa kusifu, na kuna anayelisema ili liume. Babu yako alipougua, nililima hapa kwa plau na ng'ombe. Niliitwa hivyo njia nzima."

"Ukafanya nini?"

"Nikalima. Je, maua yametandazwa?"

Rahab akainamisha kichwa. Nyanya alitoka, akatia mkono guniani, akauchomoa upesi. "Yanachemka haya."

Rahab alitimua mbio kuwaita kaka zake. Muturi naye alipogusa gunia, aliruka kufuata turubai. "Tuambie, Rahab, tuanze na lipi?"

"La Lewis. Ndilo lililojazwa kwanza."

Walimwaga, wakatandaza, wakageuza. Maua ya chini yalikuwa yamegeuka rangi, wakayatupa. Mengi yalipona.

"Muturi," nyanya akasema, "usimtupie mtu jina kwa sababu amekwambia ukweli."

"Pole, Rahab," Muturi akasema.

"Nawe Rahab, asubuhi kikapu kilipokulemea, Muturi alikibeba, na hukumshukuru. Kuongoza si kosa, mjukuu wangu, uwe msichana au mvulana. Lakini kiongozi haachi kazi kwa sababu ya jina, wala hasahau wema wa wale anaowatuma."