Aliyenenepeshwa ili Asisemwe

Sikilizeni, nyinyi mnaopita sokoni Muthara mkiwahukumu watu kwa unene wa shingo zao. Kaeni chini, vueni kofia, mtulie kama wanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu, kwa maana jambo hili ni zito. Lilikuwa na uzito wa kilo mia moja na ishirini na moja, bila viatu.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti, mwaka wa tisini na tano. Kithinji, mwenye bucha iliyo karibu na lango la soko, alikuwa ameketi barazani baada ya ibada, miguu ameinyoosha, mkanda ameulegeza matundu mawili. Mbele yake palikuwa na sahani iliyokuwa na mukimo wa viazi na mahindi, mbavu za mbuzi na chapati nne. Nasema "iliyokuwa na" kwa sababu sasa ilikuwa na mifupa tu. Jua lilikuwa la upole, kuku walichakura chini ya migomba, na mkewe, Ntinyari, alimtazama kutoka mlangoni kwa furaha ya mkulima anayetazama shamba lililokubali.

Msimcheke. Hapa kwetu kitambi cha mume kilikuwa cheti cha mke. Akina mama wa kanisa walipotafuta mtu wa kuwafundisha maharusi kutunza nyumba, hawakumuuliza Ntinyari alisoma hadi darasa la ngapi. Walimtazama Kithinji akiingia kanisani akihema, wakasema, "Huyo bibi yake anajua kupika." Basi Ntinyari akapewa kazi, na shingo yake ikarefuka kidogo.

Ndipo alipoona damu. Mstari mwembamba ulianzia kizingitini, ukapita kwenye saruji hadi kwenye mguu wa kulia wa mumewe.

"Baba Mwiti, umekanyaga nini?"

"Mimi? Sijakanyaga kitu."

Alipiga magoti, akauinua ule mguu. Kipande cha mfupa, kirefu kama kidole cha mtoto, kilikuwa kimezama katika unyayo. Akakivuta. Kithinji aliendelea kuchokonoa meno.

"Umeshatoa?" aliuliza. "Hata sijasikia."

Hakuweza kujionea mwenyewe, kwa kuwa alikuwa hajaviona vidole vya miguu yake tangu uchaguzi wa tisini na mbili. Lakini Ntinyari alikuwa na ule mfupa mkononi. Mtu asiyesikia mfupa ukiingia mwilini mwake, atasikia nini?

Kesho yake walikwenda zahanati. Mhudumu wa hapo alikuwa Mutegi, kijana mwembamba ambaye kila mtu alimwita daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Mshale wa mizani ulikimbia hadi mahali ambapo haukuwahi kufika tangu mizani inunuliwe. Mutegi akapima presha, akapima sukari, akarudia tena, kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee, sukari imeutia mguu wako ganzi. Kidonda kikikataa kupona, hospitali watakata. Na hii presha ikiendelea kupanda, hawatapata hata nafasi ya kukata."

"Kwani nakufa?"

"Unaelekea huko. Lakini njia ya kurudi bado iko." Akamwandikia vidonge, akamgeukia Ntinyari. "Mama, nusu ya hii dawa iko jikoni kwako. Nusu ya sahani iwe mboga. Ugali usizidi ngumi yake. Nyama kama kiganja, bila mafuta. Soda hakuna, na chai asiweke sukari. Na aende kazini kwa miguu."

"Kwa miguu?" Kithinji alishtuka zaidi kuliko aliposikia habari ya kukatwa. "Na pikapu ninayo?"

"Pikapu haina sukari, mzee. Haihitaji mazoezi."

Miezi minne iliyofuata mbuzi wa Tigania yetu walipumua. Ntinyari alichemsha alichokuwa akikaanga. Mkebe wa mafuta, ambao zamani uliisha kwa wiki, sasa ulikaa mwezi mzima. Siku ya kwanza ya kutembea Kithinji alipumzika mara tatu, mara moja kwenye baraza la mtu asiyemjua. Jioni alikuta sahani imejaa sukuma wiki na maharagwe.

"Hii ni chakula ama ni ya sungura?"

"Kula, Baba Mwiti. Umewahi kuona sungura ana presha?"

Akala, akanung'unika, akala. Kidonda kikafunga. Kufikia Krismasi alifika kwenye bucha bila kupumzika, na kilo kumi na sita zilikuwa zimekwenda zao. Asubuhi moja alipaza sauti chumbani hata Ntinyari akaangusha mwiko, akakimbia. Alimkuta amesimama wima, anatazama sakafu.

"Mama Mwiti, njoo uone. Vidole vyangu. Viko vyote!"

Hapa ningeweka nukta, nikawaaga, tukaenda kunywa uji. Lakini kulikuwa na nyinyi.

Januari, kwenye mfereji, jirani yao Njoki aliweka mtungi chini, akamshika Ntinyari mkono.

"Pole, Mama Mwiti."

"Pole ya nini?"

"Ya mzee. Tunaona vile ameisha."

"Hajaisha, amepungua. Ni daktari alimwambia apunguze."

"Eeh, daktari." Njoki alishusha sauti, akauachilia ule mkono taratibu na kuufuta wake kwenye leso. "Hata yule dereva wa lori tuliyemzika alisema hivyo hivyo mwanzoni. Na wewe, mama, umepimwa?"

Mnaikumbuka miaka hiyo. Ukimwi haukutajwa kwa jina. Watu walisema "ile kitu" na kutazama pembeni. Mtu hakuruhusiwa kukonda kwa sababu nyingine yoyote. Ungeweza kukonda kwa minyoo, kwa kutafuta karo, au kwa chakula cha shule ya bweni, ambacho nakifahamu na sitakitukana hapa. Hukumu ilikuwa ile ile.

Wanunuzi wakahamia bucha ya ng'ambo ya barabara, wakidai kwamba nyama ya huko ni laini. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba nyumbani. Waliomba kwa muda mrefu, jicho moja likichungulia. Ntinyari aliwapa chai. Walipoondoka, vikombe vinane vilikuwa mezani, vimejaa, maziwa yameganda juu. Alivimwaga kimoja kimoja nyuma ya jiko. Wiki iliyofuata akaambiwa, kwa upole mwingi, kwamba mwaka huu maharusi wangefundishwa na mtu mwingine, "ili apate kupumzika."

Kisha akaja Kaimenyi, kaka mkubwa wa Kithinji, amevaa koti la matanga.

"Ndugu yangu, tuongee kama wanaume. Ile miti ya miraa ya baba, upande wa mto. Ungependa imwendee nani?"

"Imwendee nani, na mimi niko?"

"Ndiyo, uko. Ndiyo maana nauliza ukiwa bado uko."

Ntinyari alisikia yote kutoka jikoni. Kithinji alijaribu kucheka, lakini kicheko kiliishia njiani. Na mwanamke yule, aliyekuwa ameogopa mfupa mmoja kuliko kitu chochote duniani, sasa akaogopa midomo ya watu kuliko ule mfupa. Kaimenyi alipoondoka, aliushusha mkebe wa mafuta kutoka rafuni.

"Unafanya nini?" Kithinji aliuliza. "Daktari alisema..."

"Daktari haishi Muthara."

"Mama Mwiti, mguu wangu."

"Mguu hawauoni. Wanaona shavu. Kula, Baba Mwiti, tafadhali. Kula mpaka wanyamaze."

Akala. Alikuwa amechoka kusalimiwa kwa mbali. Asubuhi supu ya mifupa yenye mafuta, mchana chapati na soda mbili, jioni nyama ya kukaanga. Kabla mwili haujarudi, Ntinyari alimvalisha sweta mbili chini ya koti, katika jua la Februari, akamrudisha kwenye pikapu. Vile vidonge navyo, kwa kuwa Njoki alikuwa ameviona dirishani na kukohoa, alivitumbukiza chooni.

Kufikia Pasaka kitambi kilikuwa kimerudi nyumbani na kuleta wageni. Muthara nzima ilishangilia. "Baba Mwiti amepona!" watu walisema, na mtu aliyekuwa anakufa akapongezwa kwa mikono miwili. Bucha ikajaa. Njoki akaja kunywa chai, akaongezewa. Kaimenyi hakuitaja tena miraa, ingawa alionekana kusikitika kidogo.

Ni Ntinyari peke yake aliyekosa raha. Kila asubuhi aliuchukua mguu wa mumewe mapajani, akabonyeza unyayo kwa ukucha.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Siku moja Kithinji alijibu hivyo kabla mkewe hajabonyeza. Ntinyari alibaki ameinua kidole hewani. Alitaka kusema neno, lakini nje wanunuzi walikuwa wanamwita mzee kwa furaha, akamvalisha soksi.

Ikafika siku ya soko, Mei. Ntinyari alikuwa ameleta chakula cha mchana, bado kinachuruzika mafuta. Kithinji alikuwa anapima kilo mbili za nyama, anataniana na foleni. Akainua macho, akamwona mkewe, akafungua mdomo kumwita.

"Nti..." alisema. "Nti... nti..."

Foleni ikacheka, ikidhani ni utani wake. Kisha upande mmoja wa uso wake ukateremka, kisu kikamponyoka, naye akaanguka nyuma ya kaunta.

Kelele zote za soko zilizimika masikioni mwa Ntinyari. Alijipenyeza, akamshika kwapani, akavuta. Hakusogea. Wanaume wanne wakaja, wakashindwa, kwa maana nafasi ilikuwa finyu na mwili ulikuwa mwingi. Ule unene ulioshangiliwa na soko zima, soko zima sasa likashindwa kuubeba. Waling'oa mlango wa bucha, wakamlaza juu yake, na wanaume wanane wakampandisha kwenye pikapu huku Ntinyari akirudia, "Polepole, polepole, bado anapumua, si bado anapumua?"

Alikuwa anapumua. Hospitalini Meru walisema ni kiharusi. Siku ya tisa, Mutegi alifunga safari kuja kumwona, kadi ya zahanati mkononi. Njoki alikuwepo, ameleta soda nne. Kaimenyi alikuwepo.

"Mama," Mutegi alisema, "Desemba presha ilikuwa imeshuka. Sukari pia. Mzee alikuwa anapona. Nini kilitokea?"

Njoki akatazama dirisha. Kaimenyi akapata kikohozi. Ntinyari angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Chumba kizima kingeitikia amina na mambo yangeisha. Alimtazama mumewe, jicho moja limefumba nusu, linamsubiri.

"Nilimlisha," alisema. "Nikatupa dawa. Walisema amekonda, nikaona afadhali wamwone mnene kuliko nimwone mzima."

"Nani walisema?"

Ntinyari hakuwageukia. "Walisema wengi, daktari. Lakini aliyepika ni mimi."

Kithinji hakufa. Mkono wake wa kulia haushiki kisu tena, na bucha inaendeshwa na mtu mwingine. Lakini kila asubuhi Ntinyari humtoa matembezi, na hawatoki alfajiri kwa kujificha. Hutoka saa mbili, soko likiwa limejaa, mume na mkongojo wake, mke kando, wote wawili wakitembea katikati ya barabara kama wenyewe.

Kilo zikaanza kuondoka tena. Na bila shaka, siku moja Njoki akawasimamisha.

"Mama Mwiti, usikasirike, lakini mzee anapungua tena."

Ntinyari alihisi ile hofu ya zamani ikirudi. Akaimeza.

"Amepungua kilo kumi na mbili," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye vibanda vya nyanya. "Na bado tunaendelea. Twende pamoja, Njoki. Hata wewe siku hizi nakusikia ukihema."

Njoki alicheka, akagundua amecheka peke yake. Kisha akaweka kikapu chake begani, akashika upande wa pili wa Kithinji, na watatu hao wakaenda, polepole sana, hadi mwisho wa soko na kurudi.

FUNZO

Sasa msimame tufunge mkutano. Unene si afya, wala kitambi si shahada ya mke yeyote. Mtu anayehema akifunga viatu anahitaji kupimwa presha na sukari, si kupongezwa. Na kujitunza hakuhitaji safari ya Nairobi: sukuma wiki iko shambani, maharagwe yako ghalani, barabara ni ya bure. Punguza mafuta, sukari na soda, jaza nusu ya sahani mboga, na utembee kila siku, hata kama una pikapu. Daktari akikupa vidonge, usiviache kwa sababu ya jirani. Jirani hatalala kitandani badala yako.

Na nyinyi wenye macho ya kupima magonjwa kutoka ng'ambo ya barabara, nanyi nina neno lenu. Kithinji hakuwa na ugonjwa mliomtangazia. Na hata angekuwa nao, je, kukimbiwa ni dawa ya nini? Mlimsema akaharibika, na mkewe akawaamini kuliko daktari. Makosa hayo mgawane.

Kesho mkimwona mtu amepungua, msimwambie pole. Muulizeni hutembea saa ngapi, mkafuatane naye.