Huyu Simjui

"Dada, hiki kiti kina mtu?"

Kijana mmoja alikuwa amesimama na kikombe cha chai katikati ya kelele za mgahawa wa chuo, kamera ikimning'inia shingoni.

"Kina hasira zangu," msichana alijibu bila kuinua macho.

"Basi zisogee kidogo, nimechoka." Akaketi.

Msichana alicheka, akajishangaa. Tangu baba ahamie kwa mke mwingine, akimwambia mama mbele ya wageni, "Hata mtoto uliyenizalia ni mbumbumbu," usingizi ulimkimbia. Darasani moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi. Kilichomsukuma kusoma kilikuwa kimoja tu: siku ya mahafali amwalike baba, aje na suti na marafiki zake, kisha mbele ya wote amwambie mpiga picha, "Huyu simjui. Mtoe."

"Na mpiga picha ndiye mimi," kijana alisema alipoelezwa, wakati huo mapenzi yameshakolea. "Haya, Pilipili wangu. Ila niahidi: kabla hujalitamka neno hilo, nipigie simu."

"Utakuwa mbele yangu, wewe!"

"Hata hivyo. Nipigie."

Aliahidi huku akicheka. Lakini alipojua kijana amemweleza mshauri wa wanafunzi kwamba hapati usingizi, alimpigia simu amefura.

"Umenitangaza kichaa! Wewe na baba ni wale wale." Akakata simu, na hakupokea tena.

Siku ya mahafali baba alikuja, viatu viking'aa. "Damu yangu hiyo!" aliwatambia wenzake, akajipenyeza kati ya binti na mama, akamshika mama bega. Mama, ndani ya gauni lake la bluu lililonyooshwa vizuri, akakauka kama mti.

Kijana aliinua kamera. Neno lilikuwa tayari ulimini.

Msichana akachomoa simu chini ya joho, akapiga. Nyingine ikaita mfukoni mwa mpiga picha.

"Pilipili?"

"Nimepiga. Niliahidi."

"Unataka nini, mpenzi?"

Alitaka kumwaibisha. Kilichotoka kilikuwa kingine. "Nataka kulala."

"Utalala. Kesho nakusindikiza kwa mshauri. Nitakusubiri mlangoni."

"Sijamsamehe."

"Sijakuomba umsamehe."

Baba alichoka kungoja. Akaenda zake na marafiki, akicheka, suti haina hata doa. Binti alimtazama akiyoyoma na lile neno likamchoma kooni.

Hakukata simu.