Nywele Kwenye Pampu

Mara ya kwanza pampu ilipokwama, Obonyo hakushtuka. Pampu ndogo ya bwawa la bustani, inayokaa chini ya maji kutwa nzima ikirusha maji juu ili kupendeza macho, lazima siku moja imeze jani ikwame. Alikuwa fundi wa pampu kwa miaka ishirini na sita, na hapakuwa na pampu Kisumu nzima iliyowahi kumshinda. Alisema hivyo mwenyewe, mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Akachomoa plagi, akaiinua pampu, akafungua kizimba chake cha plastiki na kuosha sponji. Kisha akavuta impela, kile kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji. Ilikuwa imefungwa na nywele. Zilikuwa rasta nyembamba, nyeusi zilizochanganywa na zambarau, zimezungushwa kwenye mhimili raundi juu ya raundi, kwa utaratibu, kama kazi ya mtu aliyekaa chini akazifunga kwa mkono.

Binti yao Lorine alikuwa amesukwa rasta za rangi hiyo wiki aliyozama.

Obonyo akazikata kwa kisu, akazitupa kwenye shimo la takataka, akamwambia mkewe kwamba yalikuwa majani.

Lorine alikuwa na miaka ishirini na tatu. Mashua iliyotoka ufuo wa Dunga ilipinduka ikiwa na watu watano. Wanne wakaokolewa, yeye ziwa likamweka. Walimtafuta siku tisa. Baada ya hapo mama yake, Seline, aliomba kitu ambacho mama yeyote wa huko angeomba: lizikwe tunda la yago, lile refu na zito linalolazwa kaburini badala ya mtu ambaye maji hayakumrudisha, ili roho yake ipate pa kulala. Obonyo akakataa. Alikuwa shemasi, na aliyaogopa macho ya kanisa kuliko machozi ya mkewe. "Sitazika tunda na kuliita mtoto wangu," alisema mbele ya wakwe zake, na akajiona mwanamume mwenye msimamo.

Basi Seline akaomba maji. Yaletwe tu maji ya pale mashua ilipopindukia, apate kitu cha kukaa karibu nacho. Hilo Obonyo alilikubali, kwa sababu lingefanyika bila mtu kujua. Alikodi mashua, akajaza mapipa sita, akachimba bwawa dogo nyuma ya nyumba yao Nyamasaria, akalitandika karatasi ya nailoni na kuweka pampu katikati. Maji yalifika nusu ya muundi. Alijipongeza sana kwa jambo hilo.

Pampu ikawa inakwama kila siku. Alibadilisha mpira wa kuzuia maji, akaloweka mhimili kwenye siki, akausugua kwa mswaki mkuukuu, akafunika kizimba kwa wavu wa chuma ambao hata sindano isingepenya. Kesho yake nywele zilikuwemo ndani, nyingi kuliko jana, na wavu ukiwa mzima. Alizikata kila mara, wala hakumwambia mtu. Fundi mzuri haachi kazi nusu, alijiambia, nasi tunaweza kumsamehe mengi lakini si hilo.

Seline aliacha kupika. Akawa anakaa kando ya bwawa mchana kutwa, na nyumba ikaanza kunuka tope la ziwa na magugu maji yaliyooza, harufu iliyoingia hadi kwenye mashuka. Alasiri moja jirani yao Gakenia, mwenye duka la vitambaa, alimwita Obonyo kwenye ua.

"Baba Lorine, si umbea," alisema kwa sauti ya chini. "Mama Lorine anaongea na mtu hapo nyuma. Na huyo mtu anamjibu. Lakini hiyo pampu ikizima, wote wananyamaza."

"Ni huzuni, mama. Anaongea peke yake."

"Mimi najua mtu akiongea peke yake. Hii si hiyo."

Siku iliyofuata, saa sita mchana, jua likiwa utosini, Obonyo alijibanza nyuma ya tangi akasikiliza. Mwanzoni palikuwa na mlio wa pampu tu na maji yakirushwa na kuanguka, kisha ndani ya kule kuanguka kukaanza kujitokeza maneno, taratibu, hadi ikawa sauti nzima, sauti ya Lorine, tamu na ya kubembeleza, ikisema maji hayana baridi, Mama, weka mguu mmoja tu, weka na wa pili, na Seline alikuwa ameshavua viatu na kunyanyua rinda, anatabasamu kama siku alizokuwa hajafiwa. Hapo pampu ikagwaya, ikanguruma, ikakwama. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Seline akamgeukia mumewe pale nyuma ya tangi. Macho yake yalikuwa na chuki ambayo Obonyo hakuwahi kuiona kwa miaka thelathini ya ndoa.

"Itengeneze," alinong'ona.

Lilikuwa jambo la kwanza kumwomba tangu aombe yale maji. Obonyo akaitengeneza.

Jumanne alimkuta mkewe jikoni amelowa hadi kifuani, na bwawa halifiki hata goti. Hapo ushemasi ukamtoka. Asubuhi iliyofuata alikwenda Katito kwa Celestine, mama wa makamo anayeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni na kuwatoa pepo watu ambao Jumapili hujifanya hawamjui. Celestine alimsikiliza huku akipepeta omena, hakumpa hata kiti.

"Mke wangu anachukuliwa, mama," alisema Obonyo. "Nimebaki na yeye peke yake."

"Na mtoto hamkumlaza. Sasa ulikuwa unangoja nini?" Akamtazama. "Kuna kitu ingine unanificha, shemasi?"

Obonyo aliyafikiria yale mapipa sita, akafikiria na watu wa kanisa wakisikia. "Hakuna," alisema.

Jumamosi walilizika yago nyumbani kwao Nyakach, nje kidogo ya ua, mahali anapolazwa binti ambaye hajaolewa. Celestine aliita jina la Lorine mara tatu. Ikapita pumzi moja ya upepo, nyepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na Seline akalia kilio cha kawaida cha mama, akamshika mumewe mkono. Obonyo naye alilia. Alijuta waziwazi, mbele ya wakwe wote, na haikumgharimu chochote.

Walirudi Nyamasaria Jumapili. Jumatatu mchana, pampu ikiwa inazunguka tangu jana bila kukwama hata mara moja, alimpigia Celestine simu kumshukuru.

"Hata pampu imepona," alisema kwa furaha. "Ilikuwa inazibwa na nywele zake kila siku."

"Pampu gani?"

Akamweleza.

"Hayo maji ulichota wapi, Obonyo?"

Akamweleza na hilo.

"Wewe ulileta hiyo kitu ya ziwa kwako na mapipa," Celestine alisema polepole. "Ile iliyokula mtoto. Sauti haikuwa ya msichana. Msichana ndiye alikuwa anaziba mlango na nywele yake, anamlinda mama yake, na wewe kila siku unafungua. Sasa mimi nimemlaza. Nani amebaki kwa mlango?" Kisha, "Zima hiyo kitu. Nakuja."

Obonyo alikimbia nyuma ya nyumba, na njiani alishaisikia sauti, haibembelezi tena, inaita kama mwenye haki, na alipozunguka kona akamwona Seline ndani ya bwawa, bwawa alilolichimba kwa mikono yake na kulipima kwa futi yake mwenyewe, amesimama wima na maji yamemfika kidevuni, uso ameuinua, mdomo wazi, na maji yanapanda. Akachomoa plagi. Pampu ikaendelea kuzunguka. Akapiga magoti, akatumbukiza mikono, akaishika pampu yenyewe, kitu cha kilo mbili ambacho alikiinua kila siku kwa mkono mmoja, nayo haikutikisika, kana kwamba imeshikwa kutoka chini na kitu ambacho chini yake hapana mwisho. Basi akang'oa kizimba, akaingiza vidole vyake vinne kwenye impela, mabawa yakamkata, akasukuma hadi yakasimama.

Sauti ikakatika. Seline alikuwa ameketi ndani ya maji yasiyofika goti, anatetemeka, rinda limejaa tope.

"Umemnyamazisha tena," alisema.

"Toka, Seline. Nenda kwa Gakenia. Tafadhali, mke wangu, usigeuke nyuma."

"Alikuwa amenishika mkono. Wewe ulimkatalia hata kaburi, sasa unamkatalia na mimi?"

Seline hakuondoka. Alisogea akaketi ukingoni, macho kwenye maji, anangoja kwa subira, na Obonyo akahisi chini ya vidole vyake mabawa yakisukuma, si kwa nguvu, ila bila kuchoka.

Kutoka Katito ni mwendo wa saa nzima. Lorine alikuwa ameyazuia mabawa hayo miezi minne, kila siku baba yake akimkata na yeye akianza upya. Obonyo hakuwa amemaliza dakika kumi, na vidole vilikuwa vimeanza kulegea.