Kambale Alishatoka?

Kila alasiri, akitoka shuleni, Joyeuse alivua viatu mlangoni, akainjika maharagwe, akaketi kwenye kigoda na kalamu mkononi. Zamani angekwenda kwanza kuruka kamba na wenzake, na siku za mazoezi angekimbilia kanisani, maana katika korali ya watoto hakuna aliyempita kwa sauti. Sasa kamba ilining'inia tu ukutani, na korali ilikuwa imeshazoea kuimba bila yeye.

Sababu ilikuwa Kambale. Siyo Kambale mdogo wake wa miaka minne, bali Kambale wa hadithini, kijana shujaa anayezungumza na mito. Joyeuse alikuwa amemwandikia vitabu viwili kwenye madaftari, na darasa lao pale Mususa, mjini Butembo, liliyasoma mpaka kurasa zikalegea. Kwa furaha akawatangazia kuwa vitabu vitakuwa saba. Ulimi hauna mfupa! Katika kitabu cha tatu, Mfalme wa Ukungu alimfungia Kambale pangoni, chini ya theluji ya mlima Ruwenzori, na tangu hapo mwandishi mwenyewe hakujua jinsi ya kumtoa.

"Kambale alishatoka?" rafiki yake Providence alimuuliza kila asubuhi.

"Hapana, bado."

"Mais Joyeuse! Batoto bote banakungojea. Ni weye uliahidi!"

Joyeuse alichoka. Akiandika, aliikumbuka korali. Akiwaza kwenda kwenye korali, aliyaona macho ya wenzake yakimdai kurasa. Usiku aliota yuko pangoni na shujaa wake, wote wawili wanatetemeka kwa baridi, wala hakuna hata mmoja anayeujua mlango. Maharagwe nayo yaliungua mara kwa mara. Baba yake, Papa Muyisa, seremala asiyependa maneno mengi, aliyala akasema tu kwamba leo wamepikiwa makaa.

Ijumaa moja Mama alijiandaa kwenda Beni, huko Mulekera, kumwona dada yake aliyejifungua. Joyeuse aliachiwa kazi moja tu, kumwangalia Kambale mdogo. Mtoto alikuwa akicheza katika chumba cha nyuma ambamo Mama alihifadhi magunia ya unga wa muhogo aliouza sokoni. Chumba hicho, ambacho mlango wake ulifungukia uani, hakikuwa na dirisha.

Joyeuse aliketi sebuleni, na ghafla wazo likamjia. Kambale huzungumza na mito! Basi aiombe theluji iyeyuke, iwe mto, impasulie njia. Kalamu ikakimbia. Barabarani pikipiki iliyokuja kumchukua Mama ilipiga honi, ikarudia tena.

"Joyeuse!" Mama aliita kutoka uani, kufuli mkononi. "Kambale alishatoka?"

Lilikuwa swali lile lile la wiki nzima, na safari hii alikuwa na jibu!

"Eee, Mama!" alijibu kwa furaha, bila kuinua kichwa. "Alishatoka!"

Mama akafunga mlango wa chumba cha nyuma, akapanda pikipiki, akaenda zake na ufunguo.

Joyeuse alikuwa anajisomea kazi yake, akijipongeza, aliposikia sauti ndogo ikimwita dada. "Yaya! Yaya!" Alichungulia chini ya kitanda, hakuona mtu. Akatoka mbio hadi uani.

"Yaya, kuko giza! Unifungulie!"

Aliivuta kufuli kwa mikono yote miwili, lakini chuma ni chuma. Ndani Kambale alilia hadi akaanza kukohoa unga. Kwenda kumwita Papa kwenye karakana yake alitaka, kumwacha mtoto peke yake gizani hakuweza. Wakati huo huo Providence akaingia uani, amekuja kufuata kurasa zake.

"Kambale alishatoka?" aliuliza huku akitabasamu.

"Kambale eko mule ndani!" Joyeuse aliangua kilio. "Kambale wa kwetu! Kimbia kwa atelier, uite Papa!"

Providence akatoka mbio. Joyeuse akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, akaimba wimbo wa korali ambao Kambale aliupenda. Sauti ilikuwa imekauka kwa kukosa mazoezi, ikamkatikia katikati. Akaanza upya. Polepole kilio cha ndani kikapungua, kisha sauti ndogo ikaanza kuitikia.

Papa alifika na bisibisi, akafungua bawaba, mlango ukatoka mzima mzima. Kambale alitoka mweupe kwa unga toka kichwani hadi miguuni, akamrukia dada yake shingoni.

"Nani alisema mutoto alishatoka?" Papa aliuliza.

Joyeuse angeweza kusema Mama alifunga kwa haraka. Hakusema hivyo.

"Ni miye, Papa. Mama aliuliza Kambale, miye nikajibu Kambale wa kitabu." Machozi yakamtiririka. "Nitachoma madaftari yote. Sitaandika tena."

"Hapana, mwanangu, usichome kitu," Papa alisema. "Nikishika randa, hapana kujibu simu. Nikiweka randa chini, njo najibu. Mshika mawili, moja humponyoka. Na ile ahadi ya vitabu saba, nani alikutuma?"

"Hakuna mutu."

"Donc, basi, weye mwenyewe njo ulijifungia mulango, na ufunguo uko nao. Ambia benzako ukweli. Mwenye kupenda hadithi atangoja."

Jumatatu Joyeuse aliwaambia wenzake kwamba ataandika Jumamosi tu, akimaliza kazi za nyumbani. Siku nyingine ni za masomo, za korali na za kamba. Walinung'unika. Kisha wakauliza zamu ya kuruka ni ya nani.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amezama katika ukurasa mtamu, Mama akaita kutoka uani: "Joyeuse! Kambale eko wapi?"

Joyeuse aliweka kalamu chini. Aliinuka, akatoka nje, akaweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wake, ndipo akajibu.

"Eko hapa, Mama. Nimemushika."