Ng'ombe Kumi Kwenye Fomu

Asubuhi ile, kama kila asubuhi ya likizo, Tupokigwe alikuwa akichuma pareto na mdogo wake Damari katika shamba la baba yao pale Uyole. Mikono ilichuma, lakini mawazo yote yalikuwa Mbeya mjini. Katika mtihani wa darasa la nane alikuwa wa kwanza, na mwalimu alimwambia kwamba serikali huwalipia chuo cha ualimu wanafunzi waliofaulu hivyo. Baba peke yake asingeweza kamwe, kwa hiyo Tupokigwe alikuwa amepeleka fomu ya ombi bomani huko mjini.

Adhuhuri barua ilifika. Ilikuwa na mistari miwili tu: ombi limekataliwa, kwa kuwa nafasi hizo hawapewi wasichana waliokwisha kuposwa.

Tupokigwe alipandwa na hasira. Kaposwa na nani? Baba naye aliapa kwamba hajapokea hata jogoo wa mtu.

Kesho yake alitembea hadi bomani, asimkute karani. Siku ya pili aliambiwa kabati la mafaili limefungwa na ufunguo haupo. Siku ya tatu alingoja tangu saa mbili hadi saa saba, tumbo tupu, huku waliokuja nyuma yake wakihudumiwa na kuondoka. Alichukia kila kitu pale, mpaka benchi alilokalia. Moyoni alishaamua kwamba makarani wameichezea fomu yake.

Hatimaye karani, mzee Isihaka, mtu wa pwani aliyezeekea Mbeya, alimwekea fomu mezani. Mbele ya neno "Mahali" paliandikwa: "Ng'ombe kumi, asipungue hata mmoja."

Tupokigwe alikumbuka siku fomu ilipojazwa. Siku ile alikuwa akiwahi mazoezi ya kwaya, akamwachia Damari kazi ya kujaza. Damari alimsomea baba maswali kwa sauti, na baba, ambaye katika ulimi wake wa Kinyakyusa mahari hutamkwa mahali, akataja mahari atakayodai siku moja. Chini ya fomu palikuwa na maneno "Nimeisoma yote, na ni kweli," kisha sahihi ya Tupokigwe.

"Uliisoma kabla ya kutia sahihi?" mzee Isihaka aliuliza.

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Angelisema tu, lawama ingewaangukia watu wa ofisi.

"Sikuisoma, mzee," alijibu, machozi yakimlengalenga. "Aliandika mdogo wangu. Nilitia sahihi tu, nikadanganya."

Mzee Isihaka alicheka mpaka kofia ikamwendea upande. Kisha akampa fomu mpya, akamsimamia aisome mstari kwa mstari, na akaandika barua ya maelezo kwa Afisa Elimu aliyekuwa Iringa.

"Ungetusingizia, ningelirudisha faili kabatini," alisema. "Umesema kweli, ndiyo maana nina la kumwandikia mkubwa wangu. Lakini shika hili, binti yangu: sahihi ni ahadi yako. Usiiweke chini ya kitu usichokisoma."

Wiki tatu baadaye barua ilitoka Iringa. Tupokigwe alimsomea baba neno kwa neno: amekubaliwa, serikali itamlipia. Alipofika kwenye "mahali pa kuripoti," baba aliinua kichwa.

"Mahali pa kwenda, baba," Tupokigwe alieleza upesi.



"Basi nenda, mwanangu," baba alisema. "Ng'ombe watangoja."